Chapati ya mawele inahitaji maji moto, unga mbichi na mnunuzi

Kwenye vibanda vya chakula kandokando ya barabara, kuanzia Mwingi hadi Emali, msafiri mwenye haraka huagiza chapo ndengu. Ndengu katika sahani hiyo ni za nyumbani. Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa kilimo cha zao hilo, na huenda alizopakuliwa zilivunwa katika shamba analoliona kutoka alipoketi. Chapati nayo imetoka mbali. Kenya hulima ngano Narok, Uasin Gishu, Nakuru na Timau, lakini katika miaka ya karibuni mavuno hayo hayajafika hata robo ya ngano tunayokula. Iliyobaki huteremshwa melini katika bandari ya Mombasa, ikasagwa, ikatiwa kwenye pakiti za kilo mbili na kupakiwa kwenye malori hadi Wote, Mutomo na Tseikuru.

Gharama ya safari hiyo tuliiona waziwazi mwaka wa 2022. Februari mwaka huo Urusi iliivamia Ukraine. Nchi hizo mbili kwa pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayovuka mipaka duniani, na katika miezi iliyofuata pakiti moja ya unga ikapita shilingi 200 madukani kwetu. Wakati huohuo Ukambani ulikuwa umebanwa na ukame uliokausha misimu mitano mfululizo kuanzia vuli ya 2020. Mahindi yalinyauka kabla ya kubeba. Mama aliyekuwa akipika chapati za kuuza sokoni alikuwa na njia mbili tu: kupandisha bei au kupunguza ukubwa wa donge. Wengi walipunguza donge, na mteja akaondoka na njaa yake.

Na hayo yote yakitendeka, Ukambani ulikuwa na nafaka zinazoujua ukame tangu zamani. Mawele, mtama na wimbi zililisha watu wa eneo hili vizazi na vizazi kabla mahindi hayajawa mfalme wa shamba. Mawele hukomaa kwa takriban miezi mitatu na huridhika na mvua ambayo mahindi yangekufa nayo. Leo tunazikumbuka nafaka hizi tunapotaka uji wa mtoto au wa mgonjwa, basi. Hoja yangu ni kwamba zinaweza kutupa chapati, chapati ya kushiba na ya kuuza, na kwamba kinachotuzuia hakiko kwenye ladha yake. Kiko kwenye namna tunavyoukanda unga, tunavyousaga, na kwenye swali la nani atakayeununua.

Chapati ilivyofika kwa reli

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901, kwa jasho la wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Njia yake inapita katika Makueni ya leo: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud zote ni stesheni zake. Pale Makindu, Masingasinga wa relini walijenga hekalu lao mwaka wa 1926, na hadi leo msafiri wa dini yoyote anayeingia humo akavua viatu na kufunika kichwa hupewa chapati, mchuzi wa dengu na chai bila kutozwa hata senti. Madereva wa malori wanalijua hekalu hilo kuliko wanavyozijua hoteli nyingi za barabara ya Mombasa. Kama kuna mahali pa kumwonyesha mtoto jinsi chapati ilivyoingia Ukambani, ni pale.

Lakini India si nchi ya chapati ya ngano peke yake. Katika majimbo makavu ya Gujarat na Rajasthan, ambako mvua ni ya kubahatisha kama ilivyo Kitui Kusini, mkate wa kila siku kijijini ni rotlo, chapati nene ya unga wa mawele. Maharashtra wana bhakri ya mtama, na Karnataka wana yao pia. Mafundi wa mikate hiyo hawatumii ngano hata kijiko kimoja. Mawele yenyewe asili yake ni Afrika: yalilimwa kwanza katika ukanda wa Sahel zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kisha yakavuka bahari hadi India. Mbegu ilitoka bara hili, ujuzi wa kuigeuza mkate ukastawi kule, na ilipokuja reli na watu wake, kilichoshika mizizi hapa kikawa chapati ya ngano.

Wala hatulazimiki kuvuka bahari kutafuta mfano. Waswahili wa Lamu na Mombasa wana mkate wa mofa, mikate midogo ya mviringo inayookwa kwenye tanuri la udongo, na ile ya asili ni ya unga wa mtama au mawele. Wasomali wana muufo wao. Sudan wana kisra, mkate mwembamba wa mtama uliochachuka, na Ethiopia, injera inayosifika kwa unga wa tefu hupikwa kwa mtama katika maeneo ya chini yenye joto. Mtu akisema kwamba nafaka zisizo ngano haziwezi kutoa mkate bapa, basi majirani zetu wa pande zote wanamjibu kila asubuhi.

Kwa nini tuliziacha

Nimesikia mara nyingi kwamba watu waliacha mawele kwa sababu ya kuona haya, eti ni chakula cha kimaskini. Haya ilikuwapo, lakini sikubali kwamba ndiyo sababu kuu. Sababu kuu ni ndege. Gunzi la mahindi limefungwa ndani ya maganda. Shuke la mawele liko wazi, na kwelea huliona kutoka mbali. Kwelea mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Hesabu hiyo ni ndogo mpaka ukumbuke kwamba kundi moja linaweza kuwa na ndege milioni mbili, na kundi la aina hiyo humaliza tani 20 kwa siku moja. Mkulima wa ekari mbili hahitaji kutembelewa na kundi zima. Mabaki yake tu yanatosha kumwachia mabua.

Dawa ya zamani ilikuwa kuamia ndege. Watoto walipanda kwenye dungu alfajiri, wakiwa na kombeo na vikopo vilivyofungwa kwenye kamba, wakipiga kelele hadi jua litue, kwa wiki kadhaa, kuanzia punje zinapojaa maziwa hadi siku ya kuvuna. Kisha watoto wakaenda shule, ambako ndiko wanakostahili kuwa, na dungu likabaki tupu. Mama aliyebaki peke yake hawezi kuamia ndege, kuteka maji mtoni na kupika kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1960, kituo cha utafiti cha Katumani karibu na Machakos kikatoa mbegu ya mahindi ya mchanganyiko inayokomaa haraka, na kwa mtu aliyechoka na ndege hilo lilikuwa jibu. Nani angemlaumu?

Mahindi nayo yalikuja na deni lake. Msimu ukikatika mapema, hakuna gunzi. Na msimu ukiwa mzuri lakini mavuno yakaanikwa vibaya, hatari huhamia ghalani. Kati ya Januari na Julai 2004, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yalizaa sumu ya aflatoksini, na watu 317 wakaugua katika Ukambani na maeneo jirani. Kati yao 125 walikufa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Ni janga ambalo familia nyingi za huku hazitalisahau, na mimi naona ajabu kwamba baada ya maafa hayo hatukujiuliza kwa sauti kubwa zaidi kwa nini tumeweka maisha yetu yote ndani ya nafaka moja. Mawele na mtama hazina kinga kamili dhidi ya sumu hiyo. Zikiwekwa na unyevu zitaota kuvu. Lakini punje zake ndogo hukauka upesi, na kwa jumla hupatwa na sumu hiyo kwa kiwango cha chini kuliko mahindi.

Jikoni

Anayejaribu chapati ya mawele kwa mara ya kwanza huipika kama ya ngano, na hapo ndipo anapokwama. Anatia maji baridi, anakanda, anakata madonge, anachukua kifimbo, na chapati inapasuka pande zote kabla hajaifikisha upana wa kiganja. Anahitimisha kwamba unga ni mbaya.

Unga hauna kosa. Ngano ina gluteni, protini inayovutika ikikandwa na kuushikilia unga pamoja. Ndiyo inayokuruhusu kusukuma chapati hadi iwe nyembamba, ukaipaka mafuta, ukaikunja kwa tabaka na kuisukuma tena bila kukatika. Mawele, mtama na wimbi hazina gluteni hata chembe. Kinachoweza kuzishika ni wanga wake wenyewe, na wanga haunati mpaka upate joto. Hii ndiyo siri nzima ya mkate huu, na kila anayejua kusonga ugali ana nusu ya ujuzi tayari.

Chekecha vikombe viwili vya unga wa mawele. Chemsha kikombe kimoja na robo cha maji pamoja na chumvi kidogo na kijiko kimoja cha mafuta. Yakitokota, epua sufuria, mwaga unga wote kwa mara moja, koroga kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, kisha funika kwa dakika kumi. Usiurudishe motoni, hupiki ugali. Katika dakika hizo mvuke unaendelea kuivisha wanga taratibu, na ukifunua utakuta mabonge ya kijivu yenye harufu ya karanga zilizokaangwa kidogo. Unga wa mtama hunywa maji zaidi kuliko wa mawele, kwa hivyo ongeza vijiko viwili vitatu. Unga wa wimbi hunata upesi, na ukizidisha maji utakusumbua.

Sasa kanda, na ukande ungali moto kiasi cha mkono kuvumilia. Wengi hukata tamaa hapa kwa sababu dakika mbili za kwanza unga unatawanyika tu. Endelea. Lowesha kiganja, ubonyeze kwa sehemu ya chini ya kiganja karibu na kifundo, ukisukuma mbele na kukunja nyuma, mpaka uwe laini kama ncha ya sikio. Ukiona nyufa pembeni mwa donge, unaomba maji. Ukikuganda vidoleni, umeyazidisha. Kanda donge moja la ukubwa wa ndimu kubwa kwa wakati mmoja na mengine uyafunike kwa kitambaa kibichi, kwa maana unga huu ukipoa na kukauka hausameheki tena.

Kwa kuutandaza, kifimbo si lazima. Tandaza kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa juu ya kibao, weka donge katikati, uligongegonge kwa vidole vyenye maji huku ukikizungusha kitambaa, mpaka lifikie upana wa kisahani cha chai. Pembe zikipasuka, zibane kwa kidole gumba. Ukipenda kifimbo, sukuma baina ya karatasi mbili za nailoni na usiminye sana. Usitafute wembamba wa chapati ya ngano. Unene wa sarafu mbili tatu ndio unaofaa.

Kikaango kiwe kikavu na moto uwe mkali. Inua kitambaa, kipindue juu ya kikaango ili chapati itue, kisha ukibandue polepole. Na hapa kuna jambo ambalo ukiliruka utajuta: pakaza maji upande wa juu kwa vidole mara tu chapati inapogusa chuma. Maji hayo huzuia uso usikauke na kupasuka wakati upande wa chini unaiva. Yakishakauka, geuza. Upande wa pili uuache zaidi, mpaka upate madoa ya kahawia. Geuza tena, ukandamize pembeni kwa kitambaa kilichokunjwa, na ikiwa ulikanda vya kutosha, itavimba katikati na kujaa hewa. Mara ya kwanza huenda isivimbe. Itakuwa tamu hivyohivyo.

Iliwe ikiwa moto. Wanga uliolainishwa na joto hukakamaa unapopoa, na chapati ya mawele ya asubuhi ikiachwa wazi hadi jioni itakuwa ngumu ya kuvunja. Zifunge kwenye kitambaa mara zinapotoka motoni na uzitie kwenye chombo cha kutunza joto. Kuhusu kitoweo, sioni kinachoishinda ndengu nzito au mbaazi mbichi za Makueni zilizopikwa kwa nyanya na kitunguu, ingawa sukumawiki na majani ya kunde hayana ubaya. Iliyokauka ya jana ivunje ndani ya maziwa lala, uinyunyizie chumvi, uiache ilainike. Watoto hawataiacha.

Anayepika za kuuza ana mahesabu mengine. Mteja wa kibandani amezoea chapati laini ya tabaka, inayokunjika bila kukatika, na hatakuwa na subira ya kufundishwa. Kwa huyo, changanya: sehemu moja ya unga wa mawele au wimbi kwa sehemu mbili za ngano, na chapati itasukumwa, itakunjwa na kukaangwa kwa mafuta kama kawaida. Nusu kwa nusu pia huwezekana, ila tabaka hupungua na donge linahitaji kupumzika nusu saa kabla ya kusukumwa. Malenge au viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa vikikandiwa humo huleta ulaini na kushika unga, na Wakenya wengi tayari wanakanda malenge kwenye chapati za ngano, kwa hivyo si jambo geni. Ombi langu kwa wauzaji ni moja: mteja aambiwe ukweli. Chapati yenye theluthi ya wimbi ni nzuri, lakini si chapati ya wimbi tupu, na kuna wanunuzi ambao tumbo lao haliwezi kabisa gluteni.

Kuna njia ya tatu, nayo ni rahisi kuliko zote: chapati za kumimina. Koroga unga wa mtama au wimbi na maji vuguvugu jioni, uongeze kijiko cha uji uliochachuka ikiwa unao, ufunike. Kukicha utakuta vipovu na harufu ya uchachu. Tia chumvi, kitunguu kilichokatwakatwa, yai likipatikana, na maji hadi ujiuji upate uzito wa maziwa lala, kisha mimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo. Hakuna kukanda wala kusukuma. Uchachu nao una faida isiyoonekana: hupunguza fitati, kiungo kilichomo katika nafaka ambacho hulizuia tumbo kufyonza madini. Wimbi lina kalsiamu ya miligramu zaidi ya 300 katika kila gramu 100, kiasi ambacho ngano na mahindi hayakaribii, na mawele yana madini ya chuma kwa wingi. Kuloweka, kuchachusha au kuotesha punje kabla ya kusaga ndiko kunakoyafanya madini hayo yamfae mlaji.

Niongeze tahadhari kwa wenye kisukari, kwa sababu huambiwa mengi sokoni. Nafaka hizi zikisagwa nzima zina nyuzinyuzi nyingi kuliko unga mweupe wa ngano, na hilo ni jema. Bado ni wanga. Chapati nne za mawele ni chapati nne.

Unga wenyewe

Mpishi hodari akipewa unga uliochacha hatafanikiwa, na hili ndilo linalowafukuza watu wengi kutoka kwenye mawele bila wao kujua. Punje ya mawele ina kiini kikubwa chenye mafuta, asilimia tano au zaidi ya uzito wake. Mradi punje iko nzima, mafuta hayo yametulia na nafaka inaweza kukaa ghalani msimu baada ya msimu. Siku inaposagwa, mafuta hukutana na hewa na vimeng'enya vya punje yenyewe, na kuoza kwake kunaanza. Kwa joto la Kibwezi, wiki mbili zinatosha unga kupata uchungu na harufu ya mafuta mabaya. Pakiti iliyokaa miezi mitatu kwenye rafu ya duka la Nairobi haitoi chapati nzuri hata ikiwa na picha gani juu yake.

Susu zetu, yaani bibi zetu, walilijua hili kwa vitendo: walitwanga cha siku hiyo. Hakuna anayetaka kuwarudisha wanawake kwenye kinu na mchi, na mimi nitakuwa wa kwanza kupinga. Lakini mashine ya posho iko karibu kila soko, na kilo mbili zinaweza kusagwa Jumamosi moja baada ya nyingine. Ukizikaanga punje kidogo kwenye sufuria kavu kabla ya kusaga, vimeng'enya hudhoofika na unga hudumu zaidi. Mwambie mwenye mashine aisafishe mahindi yaliyobaki ndani, na atumie chujio laini. Unga wa chengachenga hautashikana hata kwa maji ya moto.

Kero nyingine ni mchanga. Mawele yakipurwa juu ya ardhi tupu hubeba chembe ambazo hazipepeteki, na mlaji akiuma mchanga mara moja harudi. Turubai chini ya mashuke na ungo mzuri humaliza shida hiyo. Kukoboa ni kugumu zaidi: ganda la nje la mtama mwekundu lina tanini inayoleta ukakasi, ile inayowafanya ndege waupuuze, na mashine za kukoboa nafaka ndogo si nyingi vijijini. Mtama mweupe hauna tatizo hilo, ila ndege nao wanalijua.

Mnunuzi

Mtama mweupe unaojulikana zaidi Ukambani ni Gadam, mbegu yenye asili ya Sudan, mfupi na wa kukomaa haraka. Historia yake ni funzo kubwa juu ya soko. Mwaka wa 2004 kampuni ya East African Breweries ilizindua bia ya Senator kwa ajili ya wanywaji wa kipato cha chini, na serikali ikaipunguzia kodi. Mtama wa Gadam ukawa malighafi yake, na wakulima wa Kitui na Makueni wakapanda kwa sababu kulikuwa na lori la kubeba na bei iliyojulikana. Mwaka wa 2013 serikali ikaongeza kodi hiyo, mauzo ya bia yakaporomoka, na mkulima aliyekuwa na magunia nyumbani akakosa pa kuyapeleka. Mwaka wa 2015 nafuu ya kodi ikarudishwa. Ndani ya miaka miwili mkulima alikuwa ametupwa chini na kuinuliwa tena na uamuzi uliofanywa Nairobi kuhusu kinywaji.

Nalitaja hili kwa sababu linabomoa dai kwamba Wakamba hawataki kulima nafaka hizi. Walilima walipopata mnunuzi. Mbegu zipo: watafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, huko Katumani na Kiboko karibu na Makindu, wametoa aina za mawele na mtama zinazokomaa kabla mvua haijakatika. Sifa njema nazo hazijakosekana. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka wa 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi, kwa pendekezo la India, na makongamano yakafanyika. Kongamano halinunui gunia.

Anayeweza kununua yuko karibu. Chini ya Katiba ya 2010, shule za chekechea na hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kitui na Makueni zina watoto wadogo wanaokunywa uji au kula kitu asubuhi za masomo, zina wodi, zina vyuo vya ufundi na mikutano isiyokwisha ambako chai hutolewa na chapati. Kaunti zikiandika kwenye zabuni zao kwamba sehemu fulani ya unga iwe ya mawele, mtama au wimbi iliyonunuliwa kwa vikundi vya wakulima wa huku na kusagwa wiki hiyohiyo, mkulima atajua kabla ya vuli kwamba ana pa kuuza. Akilijua hilo, majirani watapanda pamoja na kwa wakati mmoja, jambo ambalo ndilo kinga bora ya ndege, kwa maana kwelea hulimaliza shamba moja lililojitenga lakini hugawanyika katika mashamba mia. Na mwenye mashine ya posho atakuwa na sababu ya kununua ya kukoboa.

Wenye hoteli za Emali, Wote, Kitui na Mwingi hawana haja ya kuingoja zabuni. Waanze na theluthi moja kwenye chapati za Jumamosi, waandike kwenye ubao kwamba zina mawele, na waone wateja watasema nini. Na wewe unayesoma haya, ukiwa na jamaa kijijini, mwombe debe moja la mawele mazima badala ya pakiti ya unga. Lisage kidogo kidogo, chemsha maji, na unga wa ngano uubakize kwa siku ya wageni.